Ambuje, Msomaji na Mkulima wa Masasi

Ukoo wetu unaanzia kwa mtu ambaye hakujua jina la mama yake. Nyumbani tunamwita Ambuje, kama Wayao wanavyomwita babu au mkubwa yeyote wa heshima, naye ni babu wa baba yangu. Alikuwa msomaji wa kanisa na mkulima katika nchi ya Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, tangu mwaka 1876 mpaka alipofariki katika njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji. Hakufikia upadre. Hakuacha kitabu wala picha. Jina lake la ubatizo ninalijua, lakini silitaji hapa kwa sababu katika jamaa zetu wamo wazee ambao hawajaridhia bado litajwe hadharani pamoja na habari za alikotoka, na ridhaa yao ina thamani kwangu.

Nilikua nikisikia habari za Ambuje wawili. Wa kwanza ni yule wa harusini na misibani, wakati msemaji wa ukoo anaposimama kuwaeleza wageni sisi ni akina nani. Huyo alikuwa mtoto wa mkubwa mmoja wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, akapelekwa Unguja kusoma, akarudi bara pamoja na Wazungu kufundisha dini. Wa pili ni Ambuje wa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi alilelewa na mjane wa Ambuje, bibi aliyezeeka sana, akafa shangazi akiwa msichana wa kuanza kujifunga kanga. Aliyoyasikia kwa bibi yake hakuyasema mbele za watu. Alinieleza mimi shambani, wakati wa palizi, yeye ameinama na mimi nimeinama, na kila nilipoinuka kumtazama alinyamaza.

Kwa maneno ya shangazi, Ambuje aliuzwa. Aliuzwa kwanza kwa nguo na chumvi akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, akauzwa tena njiani, na alipokwisha kukua akafikishwa Kilwa na kupakiwa jahazini. Manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa ililikamata jahazi lile, na waliokutwa ndani wakapelekwa Unguja. Hakujua wazazi wake waliishi kijiji gani. Alikumbuka mto, mlima wenye vilele viwili, na sauti ya mwanamke ikimwita jioni kwa jina ambalo ukubwani hakukubali mtu yeyote amwite.

Habari hiyo inakaa vizuri ndani ya historia inayojulikana. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultan Barghash aliutia saini kwa kubanwa na Waingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Hata hivyo watu waliendelea kuvushwa kwa siri, na wengine kutembezwa kwa miguu kuifuata pwani. Waliookolewa majini walihitaji mahali pa kuishi. UMCA, misheni ya Kianglikana iliyozaliwa katika vyuo vya Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikuwa imeshahamia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa jahazini, ambao Sultan Majid alimkabidhi Askofu Tozer. Kwa ajili ya watu wazima misheni ilitumia shamba la Mbweni, kusini ya mji, lililonunuliwa mwaka 1871. Familia zilijenga vibanda vyao na kupewa vipande vya kulima. Huko ndiko Ambuje alikobatizwa, na huko ndiko alikooa. Mkewe naye alikuwa ametoka jahazini.

Nikiwa mtu mzima nilipata ruhusa ya kufungua daftari la zamani la ubatizo ambamo jina lake limo. Mahali pa kuandika wazazi paliandikwa kwamba hawajulikani. Hilo nilikwisha kuambiwa, na nilikuwa nimejiandaa kulisoma. Sikuwa nimejiandaa kwa mstari wa juu yake, ambao wazazi nao hawajulikani, wala kwa mstari wa chini yake, wala kwa ukurasa wa pili ambao ulikuwa vivyo hivyo toka juu hadi chini. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini bibi, kila alipomzungumzia mtu aliyempenda sana, alimwambia shangazi kwamba huyo ni mtu wa jahazi letu. Watu wale hawakuwa na damu moja. Walikuwa na siku moja ya kutolewa baharini, na siku ile ndiyo waliyoifanya kuwa ukoo.

Oktoba 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu zaidi ya 50 wa Mbweni, wanaume na wanawake, akashuka nao Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, karibu na nchi walikotekwa, wakaanzishe kijiji chao. Katika msafara alikuwamo James Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa watumishi waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Walitembea zaidi ya kilomita 100 kwenda bara, na mizigo, mbegu na majembe kichwani. Walipofika Masasi, penye majabali makubwa yaliyosimama peke yake juu ya nchi tambarare, wakakuta maji na udongo mzuri, na wenyeji wachache kwa sababu ya vita na utekaji. Hapo wakasimama. Steere akakubali wakae.

Vitabuni Masasi ni uamuzi wa askofu. Kwa bibi yetu, Masasi ni uamuzi wa wanawake waliotua mizigo chini na kukataa kuitwika tena. Naziamini habari zote mbili, na hiyo ya pili naipenda zaidi. Hawa ni watu waliokuwa wametembezwa tangu utotoni kwenda walikotaka wengine. Mara hii wao ndio waliosema hapa panatosha, na maneno yao yakasikilizwa. Kila ninapopita Masasi kwenda nyumbani nayatazama majabali yale nikijua kwamba kwetu kulichaguliwa, na watu waliochoka.

Kazi ya msomaji ilianza kabla ya jua. Kengele ilipigwa, Ambuje akaongoza sala ya asubuhi, akasoma kipande cha Injili katika vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa Unguja, kisha akakieleza kwa Kiyao kwa ajili ya waliokuja kusikiliza kutoka vijiji vya jirani. Hapo jua lilikuwa limekwisha kutoka, na jembe likashikwa. Jioni kengele tena, sala tena, halafu darasa la wanaojiandaa kwa ubatizo, watu wamekaa chini kuuzunguka moto. Posho aliyopewa ilikuwa nguo. Nguo zilitosha kuvaa na kubadilisha kwa chumvi. Chakula alikitoa ardhini mwenyewe, na wageni waliolala kwake kwa sababu ya dini walikula kutoka ardhi ile ile.

Kilimo cha Masasi hakikufanana na cha Mbweni. Unguja mvua inakuja mara mbili kwa mwaka. Masasi inakuja mara moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na aliyechelewa kupanda amelikosa lote. Mtama ulikuwa chakula kikuu, na mtama una maadui wengi. Kuna ndege wanaotaka kuwingwa tangu alfajiri punje zinapoanza kukomaa, nguruwe wanaokuja usiku, na ngedere wasioogopa chochote. Ilibidi mtu ajenge dungu katikati ya shamba na kulala humo wiki nzima nzima. Ambuje hakuyajua haya. Alifundishwa na jirani zake Wamakua na Wayao, wale wale aliokuwa akiwafundisha sala. Walimwonyesha mti upi ukichanua ndio wakati wa kufyeka, udongo upi unafaa njugu mawe na upi karanga, na namna ya kusuka kihenge kisichoingia panya. Asubuhi yeye alikuwa mwalimu wao, na mchana wao walikuwa walimu wake.

Bibi alimwambia shangazi kwamba watu walianza kumsikiliza Ambuje baada ya mavuno ya pili. Kabla ya hapo walikuja kumtazama, wakasikia kusoma, wakaenda zao. Ninaliamini jambo hili kwa sababu nimelima katika nchi ile na ninaijua. Asiye na shamba huko ni mgeni, na mgeni hupewa heshima zake zote, lakini hakuna anayebadili maisha kwa neno lake. Yaliyochapwa kuhusu wasomaji na walimu wa misheni yanaeleza mahubiri, ubatizo na madaraja ya kanisa. Sijaona mahali panapohesabu vihenge vyao. Naona huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa kihenge cha Ambuje ndicho kilichompa haki ya kusimama mbele ya watu na kuongea.

Septemba 1882 Wangoni, ambao wamisheni waliwaandika kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, vihenge vilichomwa, watu wakatekwa. Waliokuwa wametolewa utumwani mara moja wakaingizwa tena. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado inanishinda kuisoma kwa mkupuo. Miongoni mwa waliochukuliwa alikuwamo mtoto wa kwanza wa Ambuje, msichana wa miaka kama mitano, aliyezaliwa hapo hapo Masasi, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuzaliwa akiwa huru na kujua wazazi wake wote wawili. Misheni ilijaribu kuwakomboa waliotekwa. Wako waliorudi. Yeye hakurudi.

Jina lake hatulijui. Bibi hakulitaja hata siku moja. Alisema yule wa kwanza, kisha akatafuta kazi ya mikono. Shangazi naye hakuthubutu kumuuliza. Mpwa wangu amechora mti wa ukoo kwenye kompyuta, na mahali pa yule mtoto pana kisanduku kitupu. Wamo waliopendekeza kifutwe, kwa hoja kwamba asiye na jina, mume wala watoto hawezi kuandikwa. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Ambuje mwenyewe aliandikwa daftarini na wazazi wasiojulikana, wala hakuna aliyesema afutwe.

Baada ya shambulio lile misheni ilihamishia makao yake Newala, karibu na chifu Matola, na Ambuje na mkewe wakahama. Alikuwa amepoteza mtoto, nyumba na chakula cha mwaka mzima katika asubuhi moja. Akaanza tena, na safari hii alianza na muhogo. Shangazi alinieleza hoja yake kama alivyoeleza bibi, nami naiona ni hoja ya mtu aliyefikiri kwa uchungu mpaka akafika mwisho. Mtama huvunwa wote kwa mara moja na kuwekwa mahali pamoja, na adui akija na kijinga cha moto, mwaka umekwisha. Muhogo unakaa ardhini mwaka na zaidi, unachimbwa kidogo kidogo, na moto wa adui haufiki ulipo. Ukichimbwa mwingi unakaushwa ukawa makopa, na makopa hugawanywa katika nyumba nyingi. Mtama hakuuacha, lakini kila mwaka alikuwa na kipande cha muhogo mbali na njia, mahali ambapo mpita njia hapaoni. Kila aliyekuja kujiandikisha kwa ubatizo alimuuliza swali lile lile: muhogo wako uko wapi?

Wapo jamaa zangu wanaoliona swali hilo kuwa dogo kwa mtu wa dini. Mimi naliona kuwa la dini kabisa. Alikuwa amejua kwa macho yake kwamba mtu akishaishiwa chakula ananunulika, au anajiuza mwenyewe, au anamtoa mtoto wake. Katika nchi ile na miaka ile njaa na utumwa vilikuwa majirani. Aliyemfundisha mtu sala asimuulize habari za chakula alikuwa amemwachia mlango mmoja wazi.

Kuhusu Newala lazima niseme jambo la maji, kwa sababu hapo ndipo bibi anapoingia katika habari hii kwa haki yake. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inanywewa na mchanga, na maji yanatokea chini kabisa, kwenye miteremko na mabonde. Wanawake waliteremka gizani na mitungi, wakapanda nayo jua likiwa limeshachomoza. Kengele ya Ambuje ilipolia, bibi alikuwa njiani. Waliposali, yeye alikuwa anapandisha mlima. Maji aliyokuja nayo ndiyo waliyopikia, waliyonawia, na ndiyo yaliyotumika hata kubatizia padre alipofika kutembelea kituo. Daftari linamtaja bibi kuwa mke wa msomaji, basi. Yeye mwenyewe alisoma vizuri, na wanawake waliokuja kujifunza sala walijifunza kwake, wakiwa kisimani wanasubiri mitungi ijae. Shangazi alisema bibi hakuwahi kulalamika juu ya kutotajwa. Nalalamika mimi kwa niaba yake.

Watu huniuliza kwa nini Ambuje hakupewa daraja. Madaraja yalikuja polepole. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa Sultan Majid, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alisoma Kiungani, shule ya misheni huko Unguja, na baadaye Canterbury, Uingereza, akapewa ushemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali, kwa chifu Nakaam, upande wa Newala. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika UMCA. Alikaa huko miaka mingi na mkewe Lucy, wakikiendesha kituo bila Mzungu wa kuwasimamia mlangoni, na Nakaam mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Hao walichukuliwa wakiwa wadogo na kupitishwa shuleni. Ambuje alifika Mbweni akiwa mtu mzima. Kusoma alijifunza, lakini njia ya Kiungani ilikuwa imeshampita. Nadhani pia, na ni maoni yangu, kwamba misheni ilikuwa na woga mwingi wa kuwakabidhi Waafrika madaraka. Kazi ya Majaliwa pale Chitangali ilionyesha kwamba woga ule haukuwa na msingi. Kanisa lilishika mizizi pale kwa sababu lilikwenda kukaa ndani ya kijiji cha wenyewe, na kiongozi wake alikuwa mtu anayejua kukaa na watu.

Sasa nifike kwenye jambo lililowasumbua zaidi babu zetu, yaani ukoo. Kwa Wayao, na kwa Wamakua na Wamakonde wa nchi ile, mtoto huhesabiwa upande wa mama. Mjomba ndiye anayemsimamia jandoni, ndiye anayesikilizwa posa inapoletwa, ndiye anayeitwa kukiwa na ugomvi. Ambuje na bibi walikuwa wa jahazini wote wawili, kwa hiyo watoto wao hawakuwa na mjomba. Tafakari maana yake: kijana anataka kuoa, na upande wake hakuna mtu wa kutumwa. Pengo lile lilizibwa na wasimamizi wa ubatizo. Mzee aliyemshika babu yangu, mwana wa Ambuje, kwenye ubatizo ndiye aliyekwenda kumposea, akakaa mahali pa mjomba, akatoa ahadi na kuzitimiza. Babu akaoa binti wa ukoo mkubwa wa Kiyao, na kwa mama yao huyo baba yangu na shangazi wakapata wajomba, makaburi ya kuzuru na jina la kujitambulisha. Sisi leo ni Wayao, na ni Wayao kweli. Tumeupata Uyao wetu kwa mwanamke mmoja na familia yake waliokubali kupokea posa kutoka kwa kijana asiye na watu.

Ndiyo maana simlaumu babu kwa kumtunga yule Ambuje wa harusini. Utumwa haukukomeshwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, karibu na wakati alipozaliwa shangazi. Neno la kwamba fulani asili yake ni mtumwa liliweza kuvunja posa, kumnyima mtu kauli barazani, na kumfuata mtoto mpaka kisimani. Babu alikuwa anawajengea watoto wake ukuta, na ukuta ule uliwakinga. Lakini watu waliokingwa wamekwisha kuwa wazee, na waliobaki ndani yake ni wajukuu wasiojua kwa nini umejengwa.

Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika, misheni, iliyokuwa imesharudi Masasi, ilichomwa na Wazungu wake wakakimbilia pwani. Wajerumani waliporudi na majeshi walichoma vijiji na mazao, na njaa waliifanya silaha. Miaka iliyofuata ndiyo iliyoua watu wengi kuliko risasi. Ambuje alikuwa mzee, na vile vipande vya muhogo vilivyofichwa mbali na njia vilikuwapo bado, vyake na vya wale aliowauliza swali lake. Bibi alisema watu walikuja usiku kwa aibu, wengine wakiwa miongoni mwa waliomcheka, naye akawatangulia kuwaonyesha mashina ya kuchimba. Alikufa kwa homa na kuhara, maradhi yanayotembea na njaa. Alizikwa na watu wa dini tofauti, na wengine wasio na dini ya kitabu, kwa sababu wote walikuwa wamekula kwake.

Kaburi lake hatulioni tena vizuri. Miaka ya mwanzo ya 1970 watu wa Mtwara walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na mahame yakameza mengi. Baadaye mikorosho ikapandwa juu ya kilichokuwa shamba la mtama. Kilichosalia ni miembe yake. Ilipotokea kesi ya mpaka wa ardhi, wazee wa baraza walikwenda kuitazama miembe ile, wakaupima unene wa mashina kwa mikono yao, wakaulizana nani aliipanda, na kila mzee wa upande wowote alijibu kwamba ni Ambuje wa kengele. Tulipewa haki yetu. Nilisimama pale nikijua kwamba katika maisha yangu yote hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia watu wasio wa damu yetu wakimtaja, na hawakumtaja kwa uongo wa harusini wala kwa jahazi. Walimtaja kwa kengele na kwa miti.

Baada ya kesi ile niliwaomba wazee tukutane, nikawasomea niliyoyaandika kutoka kwa shangazi na kutoka daftarini. Mzee mmoja aliniambia nimewavua nguo mbele ya watoto. Mwingine alitoka nje na hakurudi mpaka chakula kilipoiva. Kisha bibi mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kikaoni, aliuliza kama yule mtoto wa kwanza amewahi kuombewa kanisani. Hakuna aliyejua. Jumapili iliyofuata aliombewa, na wazee wote wawili walikuwapo. Makubaliano tuliyofikia ni haya ninayoyatii hapa: habari iandikwe, jina la Ambuje lisubiri.

Kwa wanaotaka kufuatilia habari za watu wao, nasema niliyojifunza. Kumbukumbu nyingi za UMCA zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na nyingine ziko katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar; lakini anza na daftari la parokia yako, na usisome jina la babu yako peke yake. Soma wasimamizi, soma majirani wa juu na wa chini, maana hao ndio walikuwa ndugu zake. Mzee akikwambia mwaka wa Magwangwara au mwaka wa njaa, usimkatize kumdai tarehe. Amekupa tarehe tayari. Na usimkalishe kitini na simu ya kumrekodi mbele yake. Nenda naye shambani ukashike jembe. Shangazi yangu asingesema lolote kati ya haya kama ningekuwa nimekaa ninamkodolea macho.

Nina ombi kwa wasomaji wa Songea na nchi yote ya Ruvuma, walikotoka Wangoni wale. Kama katika ukoo wenu yumo bibi aliyeletwa akiwa mtoto mdogo kutoka Masasi mwaka 1882, msichana ambaye pengine alijua sala za Kiswahili na hakuna aliyefahamu alizipata wapi, basi ndiye tunayemtafuta. Hatuna dai. Waliotenda na waliotendewa wote wamekwisha kulala, na watoto wa pande zote mbili wameoana tangu zamani. Tunaomba jina lake tuliandike mahali pake, na tunaomba kuwajua wajukuu zake, kwa kuwa ni ndugu zetu. Waulizeni wazee wenu wakiwa bado wapo.